Klostra Zangu Tatu na Sheria ya Shefu

Siku ya kwanza nilipoingia atelye, yaani karakana, ya misheni, kule Masisi, sikuitwa kushika msumeno. Niliitwa kuchora maua. Nilikuwa msichana wa foyer, ile nyumba ambamo masera, watawa wa kike, waliwafundisha wasichana kushona na kudarizi vitambaa vya meza, na Shefu wa Atelye alikuwa amechoka na maua ya wanafunzi wake wanaume. Alisema yote yanafanana na viazi. Basi akamwomba masera wa foyer amtumie msichana mwenye mkono wa maua, na masera akanisukuma mimi mbele kwa sababu nilikuwa namsumbua darasani. Sikuweza kukaa. Hata leo siwezi, na ninyi vijana mtakaosoma haya mjue mapema, msije mkanilaumu nikirukaruka.

Shefu alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, aproni ya ngozi mpaka magotini. Hakunitazama uso. Alitazama vidole vyangu.

"Weye njo wa maua?"

"Ndiyo, Papa."

"Hapa hakuna Papa. Papa iko nyumbani kwenu. Hapa iko Shefu."

Nilichora ua la kitambaa cha meza kwenye karatasi, tukaibandika karatasi juu ya tripleksi kwa uji mzito wa muhogo. Tripleksi, kwa wasioijua, ni ubao uliotengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa pamoja. Ni mwepesi na haupasuki ovyo. Kisha akapewa kijana mmoja akate. Alipofika kwenye petali la pili akalikata shingo, likaanguka chini. Mimi nikapiga kelele, "Eeh! Unaniulia ua!" Shefu akamnyang'anya yule kijana msumeno, akanipa mimi.

Ule haukuwa msumeno wa kupasulia mbao. Ulikuwa na fremu ya chuma iliyopindwa, mpini mdogo chini, na ulimi mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Unatoboa tundu katikati ya mchoro, unafungua ulimi upande mmoja, unaupitisha ndani ya tundu, unaufunga tena, ndipo unakata. Meno yanatazama chini, kwa hiyo mkono unakata ukishuka na kupumzika ukipanda. Ubao unaulaza juu ya kipande cha mti kilichochongwa kinywa cha V, nao ndio unaouzungusha. Msumeno unabaki pahali pamoja. Hiyo njo kazi ya kutoboa. Wengi wanadhani msumeno ndio unaotembea. Kumbe ubao njo unaocheza, na msumeno unaungojea.

Nilivunja ulimi wa kwanza, wa pili, nikaogopa kushika wa tatu. Ulimi ulitoka mbali na haukupatikana sokoni.

"Vunja yote," Shefu akasema. "Ukimaliza kuvunja, njo utaanza kujifunza. Sasa piga hii na kidole. Inasema nini?"

Nikaupiga. "Inasema ting."

"Siku itasema tung, usikate. Kaza kwanza. Mukono yako itakudanganya, lakini sikio haidanganyaki."

Sikurudi foyer. Mama yangu alilia wiki nzima kwamba nimekuwa mwanaume. Nilimwambia wanaume hawawezi kukata ua, mama, nimewaona kwa macho yangu.

Atelye ile ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo ya kutoboa: mapambo ya juu ya milango, sehemu za kupitishia hewa kwenye madirisha, viti vya mapadri, na klostra. Klostra ni kiambaza cha mbao zilizotobolewa, kinachosimama ndani ya kanisa ao mlangoni, hewa na mwanga vinapita lakini fasi mbili zinatengwa. Ya pili ilikuwa magita. Kila kwaya ya vilima vile, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, ilimletea Shefu gita lake, kwa sababu yeye peke yake aliweza kurudisha shingo ya gita katika heshima yake.

Kwenye shingo ya gita kuna vyuma vidogo vilivyolala kwa kukingama, vinaitwa frete. Unapobonyeza uzi, unaegemea frete, na hapo sauti inapatikana. Kwaya zetu hazikujua kupumzika, wala wapigaji wao hawakujua kubonyeza polepole, kwa hiyo frete zililika, zikawa na mashimo chini ya kila uzi, na gita likaanza kuzizima kama nzi ndani ya chupa. Kazi ilikuwa kuweka rula ya chuma juu ya shingo, kutafuta frete iliyo juu kuliko wenzake, kuipunguza kwa tupa, kisha kuirudishia mgongo wa mviringo. Frete iliyokwisha kabisa iling'olewa kwa koleo, polepole, isije ikang'oka na nyama ya mti. Frete mpya hatukuwa nazo. Tulichukua fimbo za shaba za yule mtu aliyechomelea baiskeli, tukazisugua upande mmoja mpaka zikawa bapa, tukazigonga ndani ya mfereji wake kwa nyundo ndogo. Kuna magita ya Masisi yanaimba mpaka leo kwa shaba ya baiskeli.

Sasa nifike kwenye sheria, maana ndiyo iliyonitesa maisha yote. Katika atelye yetu mwanafunzi hakutoka kwa mtihani. Hakutoka kwa miaka wala kwa diploma. Alifanya kazi moja kubwa peke yake, ikapandishwa pahali palepale ilipokusudiwa, na pale ikapaswa kupita mvua moja na jua moja, msimu mzima kila kimoja. Mvua ingeonyesha kama mbao zinavimba, jua lingeonyesha kama zinapasuka. Baadaye Shefu angekuja, angepitisha kiganja juu yake, na kama kiganja hakikukwama, angesema neno moja mbele ya watu: "Ametoka." Tangu hapo ukaitwa fundi. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi, hata kama una mvi.

Klostra yangu ya kwanza ilikuwa ya kapela ya kilimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka misheni. Nilikata maua ya maharage, kwa sababu mashamba ya kule yalikuwa ya maharage na nilitaka wamama wayatambue. Waliyatambua. Mmoja alisema, "Ya kwangu imezaa kuliko hii!" Tuliipandisha mvua ilipoanza. Nilikuwa napanda kile kilima kila Jumapili, si kwa ajili ya misa, Mungu anisamehe, ila kuigusa tu. Ilikuwa haivimbi. Nilikuwa nahesabu mawingu kama mtu anayengoja mume.

Halafu vita vikafika. Sitavieleza, kila nyumba ya kwetu ina yake. Tulikimbia na vitu vya kichwani. Mimi nilishonea ndimi zangu zote za msumeno ndani ya upindo wa kikwembe, kitenge changu, na nilitembea nikiogopa kukaa chini. Njiani nilimkuta Shefu anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kanyagio, na juu yake hakuweka godoro wala masufuria. Aliweka eto, kile kinywa kizito cha chuma cha kubania kazi. Mke wake alikuwa nyuma anamlaani kwa kila jiwe.

"Shefu," nikamwambia, "kapela imeungua. Lakini kabla ya moto klostra ilisimama. Ilipita nusu ya mvua."

Alisimamisha chukudu. Watu wakawa wanatupita pande zote mbili.

"Nusu? Weye uliona muntu anabatizwaka nusu?"

Akaendelea kusukuma. Nilimchukia siku ile. Nilitembea mpaka jioni nikimjibu kichwani.

Hali ilipotulia kidogo, kazi ya kwanza Shefu aliyonipa ilikuwa kunitelemsha Walikale. Magita aliyotengeneza kwa kwaya za kule yalikuwa yanarudi, kila moja likizizima, na watu wa Walikale wameanza kusema kwamba gita la Masisi likifika msituni linalilia baridi ya kwao. Shefu aliona aibu. "Teremuka," akaniambia, "uende usikie inalia nini." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimechoka kukaa fasi moja na kuangalia vilima vilevile.

Kule nilikuwa chini ya Masera Direktris, msimamizi wa atelye ndogo ya parokia: mrefu, miwani, sauti ya chini, na alikuwa akiniita "binti yangu" anapokasirika. Hakujua mbao lakini alijua watu. Siku ya kwanza aliniambia: "Binti yangu, hapa usiguse kitu kwa haraka." Nilidhani ananituliza tu. Kumbe ndiyo ilikuwa dawa ya magita.

Watu wetu walikosea hivi, na sijui kama kuna wengine duniani wanaoweza kukosea hivyo. Gita linatoka kilimani kwenye baridi, linashuka siku kadhaa kwa mgongo wa mtu mpaka kwenye joto na unyevu wa msitu. Linafika Jumamosi. Kwaya inalitaka Jumapili. Linazizima, basi fundi wa pale anachukua tupa na kupunguza frete jioni ileile, na Jumapili linaimba vizuri, kila mtu anampigia makofi. Wiki mbili baadaye shingo imekwisha kunywa unyevu wake wote, imepinda kwingine, na sasa frete zimepunguzwa pahali ambapo hazikupaswa. Wanapunguza tena. Kila mwezi tupa, mpaka frete zinakwisha. Gita halikuwa linalilia baridi. Lilikuwa halijamaliza kufika.

Wawindaji njo walionionyesha la kufanya, bila kujua. Ndani ya jiko la kila nyumba kuna dari ya miti juu ya moto, wanapokaushia nyama kwa moshi. Niliona mpini wa shoka wa zamani umewekwa pale juu, umekauka, mgumu, haupindi. Nikamwomba mama mwenye nyumba: naweza kuweka na mbao zangu? Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini alikubali. Basi nikawa nakaushia shingo za magita juu ya moto pamoja na nyama, na gita lililofika kutoka kilimani nalitundika karibu na jiko, nyuzi zimelegezwa, wiki kadhaa, hakuna kuligusa. Kwaya ilinitukana. "Mama wa Masisi anavuta gita moshi kama samaki!" Lakini nilipokuja kupiga tupa, nilipiga mara moja tu, na halikurudi.

Shida ikaja Kwaresima. Kanisa zima limejinyima nyama, watu wako na njaa ya kweli, na mpiga gita anasimama mbele, anapiga, joto la mikono linaamsha mti, na harufu ya nyama ya porini iliyokaushwa inatembea kutoka benchi la kwanza mpaka la mwisho. Watoto wakaanza kumeza mate. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Yesu wangu, iko inaivia wapi?" Baada ya misa Masera Direktris akaniita.

"Binti yangu, gita yako inapingana na padri."

"Masera, mti umekauka vizuri."

"Naamini. Mimi mwenyewe nimekosa nusu ya sala."

Yule mpiga gita aliyenukia nyama ndiye aliyenioa. Tulizaa watoto, nikamzika kule, na hapa sitasema zaidi ya hayo, kwa sababu nikianza sitamaliza kazi hii.

Klostra yangu ya pili niliikata Walikale, watoto wakiwa wamekwisha kukua, kwa ajili ya mlango wa kanisa la parokia, mti wa libuyu badala ya tripleksi, majani ya mwituni yanayopandana. Ilipita mvua bila kuvimba. Mvua ya Walikale, msicheze nayo. Nikaanza kungoja jua. Basi akaja Patron, tajiri mmoja wa Omate, kule kwenye machimbo, mtu wa tumbo na saa kubwa. Aliomba parokia imwazime klostra kwa sikukuu ya arusi yake, na mzee wa parokia akaitoa. Mimi nilikuwa nimekwenda kijiji cha mbali kurekebisha magita. Niliporudi nilikuta mlango uko wazi kama mdomo usio na meno. Niliuliza, "Iko wapi?" Wakaniambia, "Itarudi." Haikurudi.

Nikaifuata. Masera Direktris hakunizuia. Alijua ingekuwa kazi bure. Omate nilifika miguu imevimba, katikati ya wachimbaji na wabeba mizigo na wauza soda, na niliikuta klostra yangu ndani ya bar ya Patron, imesimama mbele ya makreti ya bia ili walevi wasiyafikie. Mtu alikuwa anapitisha chupa kati ya majani yangu.

"Patron, hii klostra iko yangu."

"Yako namna gani, Mama? Ukipika bugali, na miye nikakula, bado iko yako?"

Jibu lake mpaka leo ninalitafuta. Lakini nilikuwa na jambo jingine kichwani: ile klostra ilikuwa imesimama. Bar ina paa na upepo, jua linaingia. Basi nikakaa Omate. Nilimwambia Patron nitatunza magita ya orkestra yake, naye akapenda, kwa sababu vijana wake walipiga kwa nguvu za watu wanaolipwa kwa bia na walikuwa wanamaliza frete kabla ya msimu kwisha. Mchana nilipiga tupa, na kila nilipopita nilipitisha kiganja juu ya klostra. Jua lote likapita. Haikupasuka.

Simu zilikuwa zimefika, lakini ili kupata rezo, yaani mtandao, ulipaswa kupanda kilima na kusimama juu ya kisiki fulani, watu wakingoja zamu nyuma yako. Nilipanda. Nikampata Shefu.

"Imesimama, Shefu! Mvua moja na jua moja, yote!"

"Ilitengenezwa kwa fasi gani?"

"Kwa mulango ya kanisa."

"Na imesimama kwa mulango ya kanisa?"

"Iko kwa bar."

Alikata simu bila kuaga. Watu wa nyuma wakaniuliza kama kuna msiba. Niliwaambia ndiyo.

Baada ya hapo sikukaa vizuri popote. Patron alifilisika, bar ikafungwa, klostra sijui ilikwenda wapi. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Nilirudi juu na binti yangu Riziki, aliyekuwa tayari mama mwenyewe. Nilijaribu Rubaya kwanza, mji wa machimbo. Rubaya kila mtu anataka mpini wa sururu ao mti wa kuzuia shimo lisiangukie watu, na nilitengeneza hivyo vyote, nafahamu ni vitu vya kuokoa maisha, lakini hakuna aliyetaka tundu lenye umbo. Niliota maua. Kweli, nilikuwa nalala na kuota maua ya maharage. Tukaondoka kabla sijachoka na watu wenyewe.

Vita vilitusukuma tena mpaka Lushebere, kwenye kambi ya wahamaji. Huko nilizeekea. Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Rais wa Kamati ya kapela, mwanaume mpole mwenye koti moja, aliyekubali kila kitu ulichomwomba na kusahau nusu yake. Kapela ilikuwa ya mbao na paa la bashi, turubai la plastiki. Nilimwambia naweka klostra kati ya altare na ile pembe ya kuhifadhia vitu. Akasema vizuri. Tripleksi niliipata kwenye kabati la shule lililovunjika, fremu kwenye mti wa gereveliya. Macho yalikuwa yamepungua, Riziki alinishikia tochi ya simu hata mchana, akilalamika kwamba mkono wake unakufa ganzi. Nilirudia maua ya maharage. Ilinichukua muda mrefu kuliko zile mbili kwa pamoja, maana mkono wa mzee haukati ukishuka, unafikiri kwanza.

Tuliipandisha. Mvua ikaanza. Kambi nzima ilijua sheria ya Shefu kwa sababu mimi sijui kunyamaza, na watu wakaifanya mchezo. Nikipita kuchota maji, wananiuliza, "Mama, imevimba?" Nawajibu, "Uvimbe wewe!" Mvua ikaisha. Haikuvimba. Kiangazi kikaja, vumbi, upepo mkali wa vilima. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa kapelani na kiganja changu. Haikupasuka. Nilianza kuogopa kufa kabla ya wakati. Nilimwambia Riziki kama nikifa, amwambie Shefu aje vilevile.

Ilikuwa imebaki kidogo sana. Mawingu ya kwanza yalikwisha kuonekana upande wa magharibi. Ndipo risasi zikalia kwenye vilima vya jirani, na watu wapya wakaingia, wengi, kapela ikajaa mpaka mlangoni. Santé yetu ndogo, yaani kituo cha afya cha kambi, ilikuwa chumba kimoja. Enfirmiye Titulere, mkuu wa kituo, dada mwembamba asiye na usingizi, alikuja kapelani asubuhi na Rais wa Kamati akimfuata.

"Mama," akasema, "wamama wanazaa mbele ya watu. Bashi zote zimepanda juu ya paa. Ile kitu yako inaweza kusimama katikati ya chumba?"

"Ile iko na matundu, dada! Utaficha nini?"

"Tutafunga bikwembe ndani ya matundu."

Rais akakohoa. "Lakini sheria ya Mama... imebakia kidogo tu."

"Najua," Enfirmiye akasema, na akanitazama. Hakuniomba tena. Kutoka ng'ambo ya uwanja tulisikia mwanamke analia ile sauti ambayo kila aliyezaa anaijua, na wanaume waliokuwa wamekaa pale nje ya santé wakageuza nyuso, hawana pahali pa kwenda.

Nilikasirika. Siwezi kudanganya hapa. Nilikasirikia vita, nikamkasirikia yule mwanamke aliyeshindwa kungoja wiki chache, nikamkasirikia Mungu kwa jina lake. Kisha nikamwambia Riziki aniletee bisibisi. Rais alitaka kufungua yeye, nikamfukuza. Nilikuwa naondoa parafujo na machozi yananidondokea mikononi, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kunifariji. Wanaume wakaibeba. Wamama wakaleta bikwembe, wakapitisha ncha za kitambaa ndani ya petali, wakafunga mafundo upande wa pili, bila msumari hata mmoja. Ilisimama, imeegemea vitanda. Haikuonyesha kitu. Mtoto wa yule mama alizaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Nilitegemea wangeirudisha kesho yake. Lakini kesho yake kulikuwa na mama mwingine, na keshokutwa mwingine. Mvua ilipoanza tena klostra yangu ilikuwa bado santé, na pembe ya kapela ilikuwa wazi. Sikwenda kuiomba.

Baada ya hapo mkono ulianza kutetemeka, na watoto wangu wakakutana, wakaamua kwamba nimestaafu. Mimi sikualikwa kwenye huo mkutano. Rais wa Kamati alinifanyia kisikukuu, wakapika sombe, majani ya muhogo, na nyama kidogo, akasimama kusema "Mama Fundi wetu." Nikamkatiza. "Fundi ni nani hapa? Kaa chini, kaka." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Usingizi ulinikataa mwezi mzima. Nilikuwa nazunguka parseli, kiwanja chetu, kama kuku anayetafuta pahali pa kutagia, nanyoosha vitu vilivyonyooka, mpaka Riziki akasema, "Mama, uende umuone yule Shefu wako, utuachilie."

Shefu alikuwa amerudi kuishi kwa wajukuu wake, karibu na Masisi santri, mji wenyewe. Nilipanda tukutuku, pikipiki ya kukodi, nikashikilia dereva na kufumba macho. Nilimkuta amekaa kwenye jua, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yamepata ukungu. Mabega peke yake yalibaki yake.

"Nani?"

"Mwanafunzi wako wa maua, Shefu."

Hakusalimia. "Imesimama?"

Nikamweleza yote. Kabati, gereveliya, mvua, kiangazi, kiganja changu cha kila asubuhi. Nikamweleza risasi, Enfirmiye, bikwembe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Ilivimba?"

"Hapana."

"Ilipasuka?"

"Hapana, Shefu."

"Nani aliiondosha pale?"

"Miye mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele yake, bibi mwenye wajukuu, magoti yanauma, na nilikuwa nangoja vilevile kama siku ile ya kwanza aliponinyooshea msumeno. Nilitaka lile neno. Maisha yangu yote sikutaka kitu kingine kwa mtu yeyote namna ile.

"Basi, haujatoka," akasema. "Rudilia ingine."

"Shefu! Miye nimezeeka!"

"Nimekuuliza miaka?"

Nilisimama. Nilichukua mfuko wangu bila kuaga, kama yeye alivyonikatia simu. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa michongoma aliponiita.

"Weye! Ile ya santé uliiwekea miguu?"

"Miguu gani?"

"Klostra ya kati ya chumba haisimamake bila miguu. Itaangukia mutoto. Uende uiwekee miguu pana, mbele na nyuma. Leo."

Nilishuka mpaka barabarani kwa hasira, dereva akaogopa kuniuliza. Tulipita bonde moja, tukapita la pili, ndipo hasira ikaanza kunitoka, na nikatambua kwamba nilikuwa tayari natafuta kichwani mti wa miguu ile, upana wake, na pahali pa kutia parafujo. Watoto wangu wananipenda, wanataka nikae, nile, nilale, na upendo wao nilikuwa nausikia kama kaburi linalochimbwa taratibu. Yule mzee peke yake aliniangalia na macho yake ya ukungu akaona mtu mwenye kazi mbele yake.

Nilifika Lushebere jua likingali juu. Riziki alikuwa mlangoni.

"Mama, Shefu amesema nini?"

"Amesema sijatoka."

Akaniwekea mkono begani, akanionea huruma, maskini. Nilimwacha anihurumie. Nilikuwa nikitafuta penseli.